Fedha inatosha kwa mwaka, haitoshi Januari: jibu kwa mama wa Kihesa

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mmoja yuko kidato cha pili na wawili shule ya msingi. Tumepanga vyumba viwili Kihesa, Iringa mjini. Mume wangu ni mlinzi, anapokea 230,000 mkononi kwa mwezi. Mimi nakaanga maandazi na kuuza karibu na shule. Siku ya masomo napata faida kama 6,000, shule zikifungwa napata ya chumvi tu. Hatunywi pombe, hatuna anasa. Lakini kila Januari nakopa 200,000 za kausha damu na kurudisha 280,000 mpaka Mei. Deni la dukani lilianza mwaka juzi na sasa linakaribia 140,000. Kodi ya nyumba tunalipa miezi sita sita, Machi na Septemba, na kila mara tunachelewa. Karatasi ya matumizi yetu nimekutumia. Nikate nini? Jirani ananishauri nianze na zile 20,000 ninazomtumia mama mkwe kila mwezi.

JIBU

Marahaba, dada. Asante kwa kuandika matumizi yote bila kuficha, mpaka vocha na michango. Kazi ya kuandika umeshaifanya, na ndiyo inayowashinda wengi.

Karatasi yako nimeijumlisha kwa mwaka mzima, kwa sababu hesabu ya mwezi mmoja mmoja inakudanganya. Mshahara wa baba watoto ni 2,760,000 kwa mwaka. Kalenda ya shule zetu kwa kawaida ina siku 194 za masomo. Kwa faida ya 6,000 kila siku hiyo unapata 1,164,000. Siku nyingine zote za mwaka nimekuwekea 136,000 tu. Jumla yenu ni 4,060,000.

Sasa matumizi. Chakula pamoja na mkaa ni 5,500 kwa siku, yaani 2,007,500 kwa mwaka. Umeme 96,000, maji 96,000, vocha 120,000, nauli ya baba 240,000, mama mkwe 240,000. Hayo yanatoka kila siku au kila mwezi na jumla yake ni 2,799,500. Halafu kuna yale yanayokuja kwa msimu: kodi 600,000, shule 260,000, michango ya harusi na misiba 150,000, matibabu 120,000, nguo na sikukuu 120,000. Hayo ni 1,250,000. Ukiyaunganisha yote unapata 4,049,500.

Yaani mnaingiza 4,060,000 na mnahitaji 4,049,500. Zinabaki 10,500. Ni ukingoni kabisa, lakini inatosha. Kinachowaangusha ni zile 80,000 za juu ya mkopo wa Januari. Ukizitoa kwenye hizo 10,500, mwaka wenu unafungwa na upungufu wa 69,500. Zidisha kwa miaka miwili: 139,000. Ndilo deni lako la dukani. Unga na sukari ulivyokopa kwa mangi miaka hii miwili vilifidia hela aliyoichukua mkopeshaji.

Nimekuonyesha hili mapema ili usiendelee kujilaumu kwa ufujaji. Karatasi yako haina ufujaji. Swali la "nikate nini" nitalijibu, lakini kwanza tujibu la "lini", kwa sababu ugonjwa wa nyumba yenu uko kwenye tarehe.

Tazama Januari. Shule zinafunguliwa katikati ya mwezi, kwa hiyo maandazi yanakupa karibu 80,000. Na mshahara, jumla 310,000. Chakula cha siku 31 ni 170,500. Umeme, maji, vocha, nauli na mama mkwe ni 66,000. Shule inadai 260,000 zake zote mara moja: sare, viatu, madaftari, begi, vifaa vya yule wa sekondari. Jumla ni 496,500, na pengo ni 186,500. Ndiyo maana kila mwaka unakopa 200,000 ileile, bila kupungua wala kuongezeka.

Sasa tazama mwezi wa kawaida wa masomo, tuseme Agosti au Oktoba. Faida yako ya siku moja ni 6,000 na chakula cha siku moja ni 5,500. Maana yake siku ya masomo maandazi yako yanalisha nyumba nzima na chenji inabaki. Hili ulikuwa hulioni kwa sababu hela ya maandazi na hela ya mshahara zinakaa kwenye pochi moja. Kuanzia mwezi huu zitenganishe. Siku ya masomo nyumba ile kwa maandazi, mshahara usiguswe kwa ajili ya sokoni. Mshahara ukiingia, toa 66,000 za mambo ya kila mwezi, toa 55,000 za chakula cha siku kama kumi zisizo na masomo, yaani Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Zinabaki 109,000. Hizo si za mwezi huo. Ni za mwenye nyumba, za Januari, za hospitali na za michango. Zimefika tu kabla ya wenyewe. Zikilala ndani ya nyumba zitaliwa, na zitaliwa kwa mambo ya maana kabisa: kitoweo kizuri, kiatu cha mtoto, jirani aliyekwama. Hakuna atakayefanya kosa, na Machi mwenye nyumba atakuja.

Kwa hiyo ziondoe siku ileile mshahara unapoingia. Mwaka ukishakaa sawa, 50,000 ziwe za kodi, kwa sababu 300,000 kwa miezi sita ni 50,000 kila mwezi. Kama 31,000 ziwe za Januari. Kama 22,500 ziwe za matibabu na michango. Za kodi ningependa zikae kwenye akaunti ya benki isiyo na kadi na isiyounganishwa na simu, ili kuzitoa kuwe na safari na foleni. Za Januari ziweke kwenye hisa za kikundi, VICOBA au kingine cha kuweka na kukopa, kwa sharti moja ambalo wanawake wengi hawaliulizi wanapojiunga: mnavunja mwezi gani? Kikundi kinachogawana Juni hakikusaidii. Hela itarudi mikononi mwako miezi sita kabla ya kuhitajika. Tafuta kinachogawana wiki za mwanzo za Desemba. Uliza pia kama kimesajiliwa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya kijamii vya fedha navyo vinatakiwa kusajiliwa, na kikundi chenye cheti, katiba na sanduku lenye funguo tatu kwa watu watatu kina nafasi kubwa zaidi ya kufika Desemba salama kuliko kile kinachotegemea sura ya mwenyekiti.

Sasa "nikate nini". Kwenye karatasi yako kuna sehemu moja tu yenye nyama, nayo ni chakula. Sina maana ya kula kidogo. Nina maana ya namna unavyonunua. Umeandika unga wa sembe kilo moja kwa siku, 1,500, dukani kwa mangi. Na barua yako imenifikia mwezi wa Julai, wakati ambao huko kwenu magari ya mahindi yanaingia mjini kutoka Isimani na Kilolo. Mtu anayeishi Iringa na kununua unga wa paketi mwaka mzima analipia usafiri, mashine, mfuko, nembo na faida ya watu wanne kwa mahindi yaliyolimwa saa moja kutoka mlangoni kwake.

Hesabu ni hii, na bei nimezichukua kama mfano. Za kwenu utazijua sokoni. Gunia la kilo 100 tuseme 65,000. Mawili ni 130,000. Mifuko miwili ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, ile ya PICS, tuseme 12,000. Kusaga kilo 200 kwa shilingi 100 kwa kilo ni 20,000. Jumla 162,000. Ukisaga dona unapata unga wa siku kama 195, ambao dukani ungekugharimu 292,500. Tofauti ni 130,500 kwa magunia mawili tu, na watoto wanakula unga wenye lishe zaidi. Ukikoboa, hesabu inaharibika: sehemu kubwa ya gunia, robo na hata zaidi, inabaki mashineni kama pumba, na unalipa kukoboa juu ya kusaga. Kama watoto wamezoea sembe, waanzishie kwa kuchanganya nusu kwa nusu kwa wiki mbili tatu.

Hapa ningependa nikae kidogo, kwa sababu nimeona familia zikinunua mahindi kwa nia njema na kuyatupa Novemba.

Usinunue mahindi ya kwanza kwanza. Ya Mei na Juni bado yana maji, na ubaridi wa Iringa hauyakaushi haraka. Nenda sokoni na chupa tupu ya plastiki iliyo kavu kabisa, na chumvi kavu kidogo kwenye karatasi. Omba konzi mbili za mahindi, tia ndani ya chupa robo au theluthi ya ujazo wake, weka vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja kisha iache itulie kama dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu. Aidha uyaache, aidha uyanunue ukijua utayaanika siku kadhaa juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Chumvi ikishuka chini yote, yamekauka. Muuzaji akikucheka, mwache acheke. Mahindi mabichi yakifungiwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa yanaota ukungu, na ukungu huo unaleta sumukuvu, ambayo haionekani, haina harufu na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zilizobadilika rangi au zilizovunjika chambua na utupe, wala usiwape kuku.

Nunua kwa mzani. Gunia "limejaa" si kipimo.

Mfuko wa PICS una matabaka matatu: mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Kabla ya kutia mahindi, jaza hewa kwenye kila mfuko wa nailoni na usikilize kama unatoa upepo. Tia mahindi, yashindilie yasiache nafasi, kisha funga mfuko wa ndani peke yake kwa kuusokota na kuukunja, halafu wa pili peke yake, halafu kiroba. Wadudu walioingia na mahindi wanamaliza hewa iliyobaki na kufa, pamoja na dumuzi, yule aliyeanza kuonekana nchini kwetu huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kufanya mahindi ya watu kuwa vumbi. Huhitaji dawa yoyote. Weka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na pambana na panya kabla, kwa sababu tundu moja la panya linaharibu kazi yote. Kula gunia moja hadi liishe ndipo ufungue la pili. Usichotechote huku na huku. Mfuko ukiutunza unautumia tena mwakani.

Saga debe moja kwa wakati. Dona ina kiini cha punje, na kiini kina mafuta. Ukisaga gunia zima unga utachachuka na kuwa mchungu kabla hujaumaliza. Debe moja litawatosha kama siku kumi na nane.

Najua utakachosema: 142,000 za mahindi na mifuko nizitoe wapi leo? Huo ndio ukweli mzito wa maisha ya kubana: aliye nacho kidogo ananunua kwa bei kubwa. Kopo la mkaa, mafuta ya kupima, sukari robo, kila kimoja kina nyongeza yake. Sikuambii ununue yote kwa jumla kesho. Mkopo wa Januari umeshaumaliza Mei, kwa hiyo mshahara wa Julai hauna mdai. Nunua gunia moja na mfuko wake kwa zile 109,000 za Julai, na la pili kwa za Agosti. Basi.

Gharama yake ni kwamba kodi ya Septemba haitatimia, na hilo inabidi mlikubali mapema. Nimepiga hesabu: kwa Julai, Agosti na Septemba, baada ya mahindi, na kwa kuongeza zile 1,500 za unga ambazo hamtazitoa tena kila siku, mtakuwa na 200,000 na kidogo. Mwendeeni mwenye nyumba mwezi wa Agosti, wewe na mume wako, kabla hajawaulizeni. Mwambieni mtampa 200,000 Septemba na 100,000 Oktoba mshahara ukitoka, na mziandike. Mpangaji anayekuja mwezi mmoja kabla na tarehe mkononi husikilizwa kuliko anayejificha hadi agongewe mlango. Mkiwa hapo, mwombeni kuanzia mwakani mlipe miezi mitatu mitatu. Akikataa hamjapoteza kitu.

Na mahindi hayo yatakuwepo Januari. Kwa kuwa mwezi huo hamtanunua unga, pengo la 186,500 linashuka hadi 140,000. Hizo ndizo za kukusanya kati ya Oktoba na Desemba, na ndipo ninapokuja kwenye mambo mengine mawili ya tarehe.

La kwanza ni sare. Januari fundi ana foleni, kitambaa kimepanda na mama anachukua chochote kilichopo. Peleka kushona Oktoba au Novemba, fundi akiwa hana kazi, na mwambie aache upindo mrefu chini ya sketi na suruali ili mwakani ziteremshwe. Madaftari nunua kwa dazeni Novemba. Mwaka huu nguo za Krismasi ziwe hizohizo za shule na viatu vya shule, vivaliwe vipya kanisani siku ya sikukuu. Watoto waambieni sababu. Wa kidato cha pili anaweza hata kuishika hesabu hii. Hapo zile 120,000 za nguo na sikukuu zinapungua hadi 60,000, bila kufuta pilau ya siku yenyewe. Pilau usiifute. Mwaka mzima wa kubana bila siku moja ya furaha huwa haufiki mwisho.

Kuhusu michango ya shule: ada katika shule za serikali za msingi na sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na mchango wa lazima kwa mwanafunzi hauruhusiwi; yanayokubaliwa ni makubaliano ya wazazi, kama chakula cha mchana. Hudhuria kikao cha wazazi. Chakula cha shuleni mkikubaliana mlipe, tena kwanza kabla ya vingine, maana mtoto anayeshinda na njaa darasani ni hasara kubwa kuliko hela hiyo. Kama hamwezi kulipa yote, mwone mwalimu mkuu mapema umwombe kulipa kwa mahindi. Shule nyingi hupokea.

La pili ni deni la mangi. Deni hili lina ubaya zaidi ya 140,000 zenyewe: ukiwa nalo huwezi kununua kwingine. Ukionekana na mfuko wa sukari kutoka sokoni unaona aibu kupita mlangoni kwake, kwa hiyo unabaki unanunua kwake robo robo kwa bei yake. Mwendee, mwambie ukweli: kuanzia sasa hutakopa tena, na kuanzia Februari utampunguzia 12,000 kila mwezi mpaka liishe. Kwa mwaka ni karibu 140,000 yote. Mwaka usiokopa Januari unakuachia zile 80,000 za riba, na nyingine zinatoka kwenye mahindi. Mwombe akuandikie kila unapolipa, na wewe andika kwenye daftari lako. Wenye maduka wengi nilioongea nao wakiwa katikati ya ugomvi wa madeni hawakuwa na hasira na deni. Walikuwa na hasira na kuepukwa.

Umeme sitakusemea sana. Kwa 8,000 kwa mwezi hakuna cha kukata, ila kagua vitu viwili kwenye risiti ya LUKU. Mteja mdogo wa nyumbani hutozwa shilingi 100 kwa uniti, bila kodi, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na 350 kwa kila inayozidi. Kama mita moja inatumiwa na wapangaji wote wa nyumba, mnaivuka 75 haraka na wote mnalipia umeme wa bei ya juu. Hapo ni vizuri mwenye nyumba aombwe mita ya pili. Na zile 1,500 zinazokatwa kila mwezi ni kodi ya jengo. Ni mzigo wa mwenye nyumba, si wako. Kwa mwaka ni 18,000. Ziombe zikatwe kwenye kodi ya pango siku ile mnapozungumzia Septemba, kwa upole, ukiwa na risiti.

Maharage nunua debe zima wakati huu wa mavuno, yakague wadudu, na uyaloweke usiku kucha kabla ya kupika. Maharage yaliyolowekwa yanaiva mapema sana kuliko makavu, na mkaa ndio unaokula hela yako kimyakimya. Yakishachemka vizuri kama nusu saa, unaweza kuepua sufuria ikiwa imefunikwa, ukaizika kwenye kapu lililojazwa mablanketi ya zamani na kuiacha saa kadhaa. Yataendelea kuiva yenyewe, nawe jiko unakaangia maandazi ya kesho. Usipunguze maharage, dagaa, mboga za majani wala mafuta ya watoto. Ukibanwa mpaka hapo, bora nauli ya baba ipungue kwa kutembea upande mmoja.

Sasa michango, na jirani yako.

Harusi na msiba usiviweke kapu moja. Msiba unakwenda, na unatoa ulicho nacho, na ukiwa huna unatoa mikono: kuteka maji, kupika, kulala na wafiwa. Hiyo ndiyo bima ya watu wa kipato chenu, na siku yenu ikifika mtaiona kazi yake. Harusi ina kadi, na kadi ina kiwango. Mkae na mume wako mwanzoni mwa mwaka mkubaliane mfuko wa michango ni 150,000; ukiisha Septemba, kadi ya Oktoba ijibiwe kwa maneno ya wazi: "Mwaka huu mfuko wetu umeisha, tutakuja kufanya kazi." Ahadi ya kadi isiyolipwa inaharibu udugu kuliko kukataa kwa heshima.

Hela ya mama mkwe usiiguse. Nasema hivyo nikiwa nimeitazama kama mstari wa 240,000 kwa mwaka, mkubwa kuliko umeme na maji kwa pamoja. Lakini mama huyo yuko kijijini, na 20,000 ni chumvi yake, sabuni na dawa. Ukiikata, akiugua mtalipia nauli, hospitali na siku za kazi za mwanawe zilizopotea. Kitu mnachoweza kufanya ni kumwomba ushirika: kama ana shamba au majirani zake wanauza, mwakani awatafutie mahindi na maharage kwa bei ya shambani, mpakie kwenye gari linalokuja mjini. Nimeona mabibi wakifurahi sana kupewa kazi hiyo. Anakuwa sehemu ya mpango, si mzigo wa kujadiliwa na majirani.

Matibabu umeweka 120,000. Utaratibu wa bima unabadilika chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kwa hiyo mwezi huuhuu pita zahanati yenu au ofisi ya kata uulize kifurushi cha kaya yenu ni kiasi gani na kinaanza lini. Muulize pia mume wako kama mwajiri wake anamkatia bima. Walinzi wengi hukatwa bila kujua wanastahili nini. Mtoto mmoja kulazwa siku tatu kunaweza kufuta mahindi yote niliyokuhesabia.

Na kama pamoja na yote haya Januari itakuja na mkafika pungufu, tuseme 50,000, hapo utakopa, na si aibu. Lakini kopa 50,000, usikope 200,000 kwa mazoea. Kopa kwenye kikundi chako, ambako riba inaandikwa kwenye katiba na inarudi kwenu wakati wa kugawana. Usipakue programu ya mkopo kwenye simu kwa sababu imekuahidi hela kwa dakika tano. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, na wengi waliokopa huko wamedhalilishwa kwa kutumiwa ujumbe jamaa zao wote waliomo kwenye simu. Kwa kausha damu pia hesabu unaijua: kwa 200,000 ulilipa 80,000 za juu ndani ya miezi minne. Kwa hela hiyo, kwa bei za mfano wetu, unanunua gunia zima la mahindi, mfuko wake, na chenji ya kusagia debe la kwanza inabaki.